Rimoti ya gari ilipogoma, na shela la watu limo ndani



Leo sikuja na habari ya mapambo wala mapishi. Nimekuja na habari ya ufunguo wa gari. Najua kuna atakayesema, "Hayo si ya baba watoto?" Subiri kwanza, shoga yangu. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku nilipomchelewesha biharusi wa watu.

Kwa msionijua, mimi ni mtoto wa Unguja. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, kisha nikasoma kozi ya ushoni, na tangu hapo cherehani ndiyo inayonilisha. Nilipoolewa nikamfuata mume wangu Bugarama. Kila nikija nyumbani naulizwa, "Huko Bugarama ndiko wapi?" Ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, huku magharibi kabisa, si mbali na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya vilima na migomba, asubuhi baridi, na wakati wa kiangazi vumbi lake ni jekundu. Hata jua letu si moja na lenu. Kwenu huko Adhuhuri inapoingia, sisi huku tunangoja karibu nusu saa zaidi.

Huku nashona magauni ya maharusi, nauza madera, mitandio na mabaibui, na ninakwenda kupamba. Wateja wangu wametapakaa Ngara mpaka Biharamulo, kwa hiyo gari kwangu si fahari, ni chombo cha kazi kama mkasi.

Rimoti ilivyoanza kunisemesha

Gari langu ni dogo, la Kijapani, limepita miaka kumi na tano tangu litengenezwe. Nilinunua kwa mtu aliyelitumia kabla yangu. Magari mengi tunayoendesha, bara na visiwani, ndivyo yalivyo: yametumika Japani, yakaja kwetu, yakapita mkono wa kwanza na wa pili. Langu lilikuja na ufunguo mmoja tu. Si ufunguo wa kuzungusha, ni rimoti nyeusi ya kukaa mkobani. Ukiwa nayo unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, gari linawaka.

Mwanzo ilikuwa napaswa kubonyeza mara mbili ndipo milango ifunguke. Kisha ikawa mara tatu. Zamani nilikuwa nafungua nikiwa ukumbini, baadaye mpaka nisimame ubavuni mwa mlango. Mtu anapoona udhaifu hutafuta dawa, lakini mimi nilitafuta mbinu. Nikajifunza kuigonga kiganjani. Nikajifunza kuipasha joto mkononi. Nikajua pembe ya kuielekeza. Binti ninayemfundisha kushona akawa ananicheka: "Mama, leo umeisomea nini mpaka imekubali?"

Baba watoto alikuwa akinambia, "Hiyo rimoti ipeleke kwa fundi." Nami namjibu, "Inafanya kazi bado." Fundi wa funguo huku hakuna, ni mpaka Mwanza, na kila nikienda Mwanza fedha yangu inaishia kwenye lesi na satini. Kitambaa kinarudisha faida, rimoti hairudishi kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikipiga hesabu.

Siku moja nikasema labda ni betri. Nikaifungua kwa ncha ya mkasi mdogo. Betri iliyomo ilikuwa ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Dukani nikapata CR2025, muuzaji akanambia ni ile ile. Kwa macho kweli zinafanana. Sasa nimeshajua namba zile zina maana: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ile ya 25 ina unene wa milimita 2.5. Zote ni volti 3, ila hii nyembamba inacheza ndani. Unajua nilifanya nini? Nikakunja kipande cha foili nikakiweka chini yake, kama tunavyotia kitambaa cha ndani kwenye kola. Rimoti ikawaka. Nikajisifu: mwanamke fundi haachwi njiani.

Foili ile ilikaa wiki tatu.

Siku yenyewe

Biharusi alikuwa wa Biharamulo mjini. Gauni lake nililishona mwenyewe, la lesi, na shela refu ambalo pindo lake lote nililitia shanga kwa mkono, usiku kwa usiku. Mama yake ni mjane. Fedha alikuwa akinipa kidogo kidogo, leo elfu kumi, wiki ijayo elfu ishirini, mpaka ikabaki sehemu ndogo ya kumalizia siku ya harusi. Ndoa ilikuwa ifungwe nyumbani baada ya Alasiri. Makubaliano yetu yalikuwa nifike saa nane mchana, nimvishe na kumpamba kwa utulivu.

Tulitoka Bugarama asubuhi, mimi na binti yangu wa kazi, gauni limelala kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake, vipodozi kwenye buti. Njia ina mashimo, na siku ile tulikwenda pole kuliko nilivyotarajia. Tukaikuta barabara kuu, ile ya malori yanayopanda Rusumo kwenda Rwanda. Tulipofika Nyakahura, tayari ni wilaya ya Biharamulo, Adhuhuri ikawa imeingia. Nikasema tuswali, kisha tumalizie safari. Nikaegesha karibu na msikiti wa kando ya barabara, nikafunga milango kwa rimoti. Taa zikapepesa mara moja. Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Tumetoka kuswali, nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena. Nikaigonga, nikaipasha, nikaisogeza kwenye kioo. Hata kile kitaa chekundu cha kwenye rimoti hakikuwaka. Nikachungulia ndani, shela linaonekana kupitia plastiki ya mfuko, kama mtu anayenitazama.

Jamani, watu wa barabarani hawachelewi. Mara vijana wa bodaboda wamekuja, mara wapita njia. Mmoja ana waya anataka kuuingiza juu ya kioo. Mwingine ameshaokota jiwe: "Mama, tuvunje hiki kioo kidogo cha nyuma, ni bei rahisi." Nikaona vipande vya kioo vikimwagika juu ya lesi nyeupe. Nikasema hapana.

Simu ikalia. Mama wa biharusi. "Mwanangu, mmefika wapi?"

Nikamjibu, "Tuko njiani, mama. Tunakuja."

Dada zangu, jibu hilo limeniuma kuliko rimoti. Njiani kweli nilikuwa. Lakini yule mama hakuniuliza nimesimama wapi. Aliniuliza kama mwanawe atavaa kwa wakati. Nilichukua maneno ya kweli nikamfichia nayo ukweli. Na nilificha kwa sababu ya aibu, si kwa sababu nyingine. Nilikuwa fundi wa kuaminika, sikutaka kusikika nimekwamishwa na kitu kidogo kama biskuti.

Akapiga tena saa nane na nusu. Nikamwambia vile vile.

Ufunguo ndani ya ufunguo

Aliyetuokoa ni mzee mmoja dereva wa lori, alikuwa ameketi kwenye kigenge akinywa chai. Alikuja taratibu, akawaambia vijana waweke mawe chini, akaniomba rimoti.

"Mama, hii umewahi kuutoa ufunguo wake?"

"Mzee wangu, ufunguo si ndio huo?"

Akacheka kidogo. Ubavuni mwa rimoti palikuwa na kijiswichi kidogo mno, akakisukuma kwa ukucha, akavuta kichwa cha rimoti. Ukatoka ufunguo wa chuma, mwembamba, unang'aa kama haujawahi kuguswa. Miaka yote ile niliubeba mkobani nisijue kama upo. Nilihisi furaha, na nilihisi haya.

Lakini furaha haikukaa. Mlango wa dereva ulikuwa na tundu la ufunguo, tulipoutia uliingia nusu, ukakwama. Mzee akanikataza kulazimisha. "Huu ni mwembamba, ukikatikia humo ndani basi tena." Akaeleza kwamba gari la rimoti tundu lake halitumiki, linakaa miaka likila vumbi na maji mpaka vyuma vya ndani vinashikana. Panahitajika mafuta mepesi.

Mafuta mepesi! Chupa yangu ya mafuta ya cherehani ilikuwa kwenye buti, ndani ya gari lile lile. Nikageuka, na barazani mwa duka la pili palikuwa na fundi cherehani, mama mtu mzima, anashona sare za skuli. Binti yangu alikuwa ameshakimbia. Akarudi na kichupa chenye mdomo mrefu, kile tunachokijua sote tulioshika cherehani.

Tukadondosha matone matano, tukangoja. Tukautia ufunguo na kuutoa, taratibu, vumbi jekundu linatoka nao kama tope. Tukadondosha tena. Mzee akanipa mimi niendelee, akasema mikono yangu ni myepesi kuliko yake. Nilifanya kama ninavyofanya cherehani iliyoshika kutu: huizungushi kwa hasira, unaibembeleza mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka iachie. Sijui ni dakika ngapi. Najua tu kwamba ulipozunguka nilisema Alhamdulillah kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Alamu ikaanza kulia, kwa kuwa gari liliona mlango umefunguliwa bila rimoti. Nikafikiri balaa jipya, maana rimoti imekufa, nitawashaje? Mzee akanambia, "Kaa, kanyaga breki, iguse rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, halafu bonyeza." Nikafanya hivyo. Gari likawaka, alamu ikanyamaza.

Nilimuuliza inawezekanaje. Akaniambia, na baadaye fundi wa Mwanza akanithibitishia, kwamba ndani ya rimoti mna vitu viwili. Kimoja ndicho kinachotuma mawimbi ya redio ya kufungua milango, hicho kinakula betri. Kingine ni kichipu cha utambulisho ambacho hakihitaji betri kabisa, ukikisogeza karibu na kitufe gari lenyewe linakipa nguvu na kukisoma. Kikiwa ndicho, injini inakubali. Kisipokuwa ndicho, hata ukiwa na ufunguo wa chuma gari halitawaka. Ndiyo kinga yake dhidi ya wezi.

Yule mzee nilimpa fedha ya chai, akakataa. Akasema niwaombee madereva wafike salama. Nimewaombea, na bado nawaombea.

Aliolewa na kanga

Tulifika Biharamulo saa kumi na moja kasoro. Nje ya nyumba wanaume wamekwishapeana mikono, wanakula halua. Ndoa ilikuwa imefungwa.

Shehe alikuwa na ndoa nyingine ya kufungisha mbali, hakuweza kusubiri. Ndoa yenyewe haina upungufu wowote, dada zangu, tunajua. Biharusi aliulizwa ridhaa yake, walii akaozesha, mashahidi wapo, mahari yametajwa. Lakini msichana yule aliulizwa kama amekubali akiwa amejifunga kanga mbili, hina mikononi, nywele hazijachanwa, shela lake liko Nyakahura kwenye gari la fundi.

Nilimwambia mama yake ukweli wote, na kwamba nilipomwambia "tuko njiani" nilikuwa nimesimama. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Mwanangu, rimoti ni kitu cha kuharibika. Lakini ungenambia saa nane, ningemuomba shehe aanze kwa wale wengine, kisha aje kwetu. Muda ulikuwapo. Ulikuwa nao wewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilimvisha binti yake, nikampamba kama ninavyompamba mdogo wangu, akatoka amependeza mashallah, na picha zilipigwa. Yeye mwenyewe alinicheka: "Dada, kumbe nimeshakuwa mke wa mtu kwa kanga." Alikuwa na moyo mpana. Ile fedha iliyobaki nilimwambia mama yake nimeisamehe. Alinyamaza kidogo, akakubali. Na ilikuwa haki akubali.

Nilichotengeneza baadaye

Safari iliyofuata ya Mwanza nilivuka daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na kabla ya kwenda kwenye maduka ya vitambaa nikaenda kwa fundi wa funguo. Aliifungua rimoti mbele yangu. Foili yangu ilikuwa imesogea na kugusa pasipopaswa, na kile kibati kinachoshika betri kilikuwa kimeanza kuota ukungu wa kijani kwa unyevu na jasho la mikono. Pia mguu mmoja wa kitufe ulikuwa umeachia kwenye ubao. Akasafisha, akalehemu, akatia CR2032 ya kweli. Ikafungua gari kutoka ng'ambo ya barabara. Nikakumbuka zile wiki zote za kuigonga kiganjani.

Kisha nikatengeneza rimoti ya pili. Hapo akanifundisha jambo ambalo kila mwenye gari la mkono wa pili alijue: kuongeza ufunguo wakati unao mmoja unaofanya kazi ni kazi ndogo. Ukipoteza wa pekee, kazi inakuwa kubwa, na malipo yanakuwa makubwa vile vile. Gharama yote ya siku ile haikufika bei ya lesi ya gauni moja. Ndiyo fedha niliyokuwa nikiibania miezi yote.

Haya nawaachia, wenye magari na wenye waume wenye magari:

1. Leo hii, kabla ya kulala, chukua rimoti yako utafute ufunguo wa chuma uliomo ndani. Kwa waliotumia kabla yako huenda ulishapotea. Jua mapema.

2. Ukiupata, ujaribu mlangoni. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwezi ili tundu lisishike kutu. Likiwa gumu, dondoshea mafuta mepesi, usitumie nguvu.

3. Betri iwe ya namba ile ile iliyoandikwa. Nunua mbili, moja weka kwenye mkoba. Usiweke foili, usiweke karatasi.

4. Bonyeza uone kama kitaa cha rimoti kinawaka. Kikiwaka na milango isifunguke, inawezekana tatizo ni betri ya gari lenyewe, au mota ya mlango, si rimoti.

5. Rimoti usimpe mtoto achezee. Kila unapobonyeza inatuma namba mpya, na gari linafuata hesabu hiyo. Ikibonyezwa mara nyingi mno mbali na gari, hesabu zao zinaweza kupishana mpaka fundi azioanishe upya.

6. Jifunze gari lako linavyowaka rimoti ikiisha betri. Mengi ya kitufe hukubali rimoti ikigusishwa kwenye kitufe. Lijaribu ukiwa nyumbani, si ukiwa Nyakahura.

7. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari. Wangu yuko nao binti yangu wa kazi.

Na mabiharusi watarajiwa, gauni na shela vilale nyumbani kwako usiku wa kuamkia harusi. Fundi akikwambia ataleta mchana wa siku yenyewe, hata akiwa ni mimi, mwambie hapana.

Ufunguo ni amana

Nimelifikiria sana neno la yule mama. Makkah ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, ufunguo wa Kaaba ulifika mikononi mwa Mtume wetu (SAW). Wapo walioutamani uwe wao. Yeye akamrudishia Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiushika, na kizazi cha Bani Shayba wanaushika mpaka leo. Wafasiri wengi wameitaja habari hii wanapoeleza aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayotuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Nilipokuwa nikiisoma zamani niliona amana ni kitu kikubwa, ni fedha za yatima, ni siri za watu. Sikuona kwamba rimoti yangu ni amana. Lakini nilipolilaza gauni la binti wa mjane kiti cha nyuma na kufunga milango, kila kilichokuwa kibovu kwenye gari langu kilikuwa kibovu juu yake yeye. Kuvumilia ubovu wa kitu changu ni hiari yangu. Kuuvumilia hali nimebeba cha mwenzangu sikuwa na hiari hiyo.

Na wakati nao ulikuwa amana. Ule muda wa kumwambia shehe asubiri ulikuwa wa yule mama, mimi nikaukalia kwa kuona haya.

Siku hizi nikikwama, napiga simu mimi kabla sijapigiwa. Nasema, "Mama, nimesimama mahali fulani, kwa sababu hii, sijui nitaondoka saa ngapi." Ni maneno mazito kuyatoa, hasa kwa mfanyabiashara. Wateja wawili wamekasirika kwa kuambiwa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeniacha.

Yule biharusi wa kanga alijifungua mwezi uliopita. Mama yake alinipigia mwenyewe, anataka nimshonee mjukuu nguo za akika. Nikamwambia nitazileta siku mbili kabla. Akaniuliza, "Na rimoti?" Tukacheka sote.

Allah atujaalie tuwe wenye kufikisha amana, na atuhifadhi njiani sisi na wote wanaosafiri. Aamiin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.